Sura ya 6: Nani Analipia Bando?

Lobule iko wilaya ya Koboko, kwenye ile pembe ya kaskazini-magharibi mwa Uganda ambako nchi 3 zinakutana: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Makazi ya wakimbizi ya hapo yalifunguliwa mwaka 2013, na wengi wa wakazi wake walivuka kutoka Kongo. Ukiyalinganisha na Bidi Bidi ya wilaya jirani ya Yumbe, yenye watu zaidi ya laki moja na nusu, Lobule ni kama kijiji. Wenyeji waliwakatia wageni ardhi, na wengi waliopokea na waliopokewa walikuwa Wakakwa, maana mpaka ule uliwekwa juu ya watu wa kabila moja. Hapo husikika Kikakwa, Kilugbara, Lingala na Kiswahili, na mtu huhama kutoka lugha moja hadi nyingine kabla hajamaliza kupatana bei.

Naanzia Lobule kwa makusudi. Habari nyingi za kuchu, kama wanavyojiita Waganda wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, huanzia Kampala na kuishia Kampala: ofisi za mashirika, mawakili, waandishi wa kigeni wenye kamera. Koboko hakuna ofisi ya namna hiyo. Hakuna mahali pa kukutana, na kila mtu anamjua mama wa kila mtu. Kijana wa huko mwenye swali ambalo hawezi kumuuliza mwalimu, mchungaji wala shehe, ana njia moja tu: simu. Ndiyo maana mtandao wa msaada kwenye intaneti unaoendeshwa na watu wa kujitolea una uzito mkubwa zaidi huko kuliko mjini. Lakini simu inataka chaji, laini na bando, na yule anayejibu upande wa pili, saa 6 za usiku, bila mshahara, naye ana simu inayotaka vitu hivyo hivyo. Bando lake analipa nani?

Wafadhili wengi wakisikia kwamba kazi inafanywa na watu wa kujitolea huona gharama imekwisha. Ndipo inapoanzia. Anayejibu ujumbe wa mtu aliyefukuzwa nyumbani usiku ule hawezi kumaliza kazi yake kwa maneno ya kumtuliza. Itabidi amtafutie pa kulala, amtumie nauli ya boda, ampate muuguzi asiyeuliza maswali ya kumdhalilisha, apige simu 5 au 6 kabla ya alfajiri. Wengi wanaotafuta msaada hutuma ujumbe wa sauti, kwa kuwa kuandika kunawapa shida au kwa sababu lugha wanayoumia ndani yake hawajawahi kuiandika, na sauti hula bando kuliko maandishi. Tangu Julai 2021 serikali ya Uganda inatoza kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Facebook imefungwa nchini humo tangu Januari 2021, wiki ya uchaguzi mkuu, hivyo anayetaka kuifikia hutumia programu ya VPN, nayo ina ulaji wake wa data. Ukipokea mchango kwa simu na kuutoa kwa wakala, kuna kodi nyingine ya asilimia 0.5 juu ya kiasi unachotoa, mbali na ada ya kampuni.

Kwa mkimbizi kuna tabaka jingine. Hadi Agosti 2019, mkimbizi asiye na kitambulisho rasmi hakuweza kusajili laini kwa jina lake, na wengi walitumia laini za jirani au za wenye maduka. Mwezi huo Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu hati za wakimbizi zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu zitumike kusajilia. Ilikuwa nafuu ya kweli. Hata hivyo simu moja bado huweza kutumiwa na nyumba nzima, na asiye na umeme humwachia mwenye sola simu yake kwa saa kadhaa ili aichaji kwa malipo. Ujumbe usiotakiwa kuonekana na kaka mtu hukaa mezani kwa mtu baki mchana kutwa. Mtandao unaojua maisha haya hupanga bajeti yake tofauti na ule uliobuniwa na mtu ambaye maisha yake yote amekuwa na simu yake mwenyewe na soketi ukutani.

Sheria nayo imo ndani ya bajeti. Mkongo anayevuka kuja Lobule anatoka katika nchi ambayo haina sheria inayotaja wazi mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai, ingawa watu husumbuliwa huko kwa kisingizio cha maadili ya umma. Akishavuka yuko chini ya Kanuni ya Adhabu iliyoachwa na Waingereza, inayotoa kifungo cha maisha. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitia saini Sheria ya Kupinga Ushoga, na humo, katika kifungu cha 11, kutoa fedha au msaada wa vitu kwa shughuli zinazohesabiwa kuwa ni kueneza ushoga ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 20. Shirika linaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni 1 na kufungiwa leseni. Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipande kadhaa vya sheria hiyo, vikiwemo wajibu wa kumripoti mtu kwa polisi na makosa ya kupangisha nyumba. Kipande cha fedha kilibaki.

Fikiria maana yake kwa mweka hazina wa mtandao mdogo. Mchangiaji akimtumia shilingi 10,000 kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kwenye kioo cha mtumaji, na jina la mtumaji linabaki kwa mpokeaji na kwa kampuni. Laini zote zimesajiliwa kwa vitambulisho. Kwa hiyo orodha ya wachangiaji, ambayo kwa kikundi cha kwaya au cha mazishi ni daftari la heshima, kwa watu hawa inaweza kugeuka kielelezo mahakamani. Wako wanaoogopa kutoa kwa sababu hiyo, na hofu yao si ya kudharauliwa.

Kisha kuna suala la kusajiliwa. Sexual Minorities Uganda, SMUG, iliundwa mwaka 2004 kama mwavuli wa vikundi vilivyotawanyika. Ilipoomba jina lake liandikishwe mwaka 2012, ofisi ya usajili ilikataa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliunga mkono ofisi hiyo, na Machi 2024 Mahakama ya Rufani ikafanya vivyo hivyo. Katikati ya safari hiyo, Agosti 3, 2022, Ofisi ya Taifa ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali iliisimamisha SMUG kwa hoja kwamba inafanya kazi bila kibali. Mtu ananyimwa cheti, halafu anaadhibiwa kwa kukosa cheti. Kenya mambo yalikwenda kinyume. Mwanasheria Eric Gitari alianza kudai usajili wa National Gay and Lesbian Human Rights Commission, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2015, na Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 3 kwa 2, kwamba kuwanyima watu haki ya kujumuika kwa sababu ya mwelekeo wao ni kuvunja katiba.

Tofauti hii huandikwa kama habari ya haki, nayo ni hivyo, lakini ni habari ya fedha pia. Shirika lisilo na cheti halina akaunti ya benki yenye jina lake. Mfadhili mkubwa hatumi ruzuku kwa mtu binafsi, hivyo fedha hupitia shirika jingine lililosajiliwa, ambalo hukata sehemu ya uendeshaji na kudai ripoti kwa mtindo wake. Kila mlango fedha inapopita, mwezi unapita nao. Mtu wa kujitolea aliyekopa bando mwezi wa 3 anarudishiwa mwezi wa 8, kama atarudishiwa.

Sisemi wafadhili ni wabaya. Kuna mfano mmoja wa Afrika Mashariki ambao ningependa uigwe zaidi: UHAI EASHRI, mfuko ulioanzishwa mwaka 2009 na wenye makao yake Nairobi, unaotoa ruzuku kwa vikundi vya wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wafanyabiashara ya ngono katika nchi za ukanda huu, Uganda na Kongo zikiwemo. Wanaoamua nani apate ni wanaharakati wenyewe, waliochaguliwa kutoka katika jamii hizo hizo. Mtu anayejua bei ya kuchaji simu kijijini ndiye anayesoma bajeti. Tatizo ni kwamba kapu lote ni dogo. Mtandao wa wafadhili wa Global Philanthropy Project ulikadiria kwamba katika miaka ya 2019 na 2020, kati ya kila dola 100 za misaada ya maendeleo ya kimataifa, kama senti 4 tu zilikwenda kwa masuala ya watu hawa duniani kote. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, halikuwepo tena. Vikundi vilivyokuwa vimejenga kila kitu juu ya ruzuku moja viliamka asubuhi bila kodi ya nyumba.

Wakongwe wa kazi hii walikwisha kuona jambo hilo. Mwaka 2000 mwandishi Mholanzi Bart Luirink alianzisha Johannesburg mradi wa intaneti ulioitwa Behind the Mask, uliokusanya habari za wapenzi wa jinsia moja barani Afrika. Kwa miaka 12 ulikuwa mahali ambapo mtu wa Lusaka angeweza kusoma yaliyompata mwenzake wa Kampala, wakati magazeti ya nchi zao hayakuandika chochote ila matusi. Mwaka 2012 ulifungwa kwa kukosa fedha. Umaarufu haukuuokoa. Ulikosa watu wa kutosha wanaolipa kidogo kidogo kila mwezi, na wafadhili walipogeukia mambo mengine hakukuwa na kitu chini yao cha kuuegemeza.

Uganda yenyewe ina mfano wa nguvu za watu wa kujitolea. Kasha Jacqueline Nabagesera, mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha Freedom and Roam Uganda mwaka 2003, alizindua jarida la Bombastic Desemba 2014, miezi michache baada ya mahakama kuifuta sheria ya kwanza ya kupinga ushoga, iliyotangulia ile ya 2023. Watu walijieleza wenyewe kwa kalamu zao, na maelfu ya nakala yakagawiwa bure nchini, mikononi mwa watu wa kujitolea waliojua kwamba kukamatwa na mzigo ule kungewagharimu. Kutoka kwa kikosi hicho hicho ukatoka mtandao wa habari wa Kuchu Times. Mwaka uliofuata Kasha alipewa tuzo ya Right Livelihood. Tuzo kama hizo huleta fedha na ulinzi kwa mtu mmoja anayejulikana. Wale waliobeba mabunda ya majarida kwenye mabasi hawakupata tuzo, na hakuna kipengele cha ruzuku kinachoitwa nauli ya mtu asiyetajwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote katika uchangishaji huu: sura za watu. Anayeomba fedha kwa watu wa mbali huambiwa mapema kwamba hadithi yenye picha ndiyo inayofungua mifuko. Majukwaa ya michango kama GoFundMe hayamruhusu aliye Uganda kupokea fedha moja kwa moja, hivyo kampeni hufunguliwa na rafiki aliye Ulaya au Marekani, naye kwa nia njema kabisa anaomba picha, jina la kwanza, maelezo ya kipigo, na picha ya kovu ikiwezekana. Uganda inajua picha hufanya nini. Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone lilichapisha picha na majina ya watu na kutaka wanyongwe. Mwanaharakati David Kato na wenzake walilishitaki wakashinda mwanzoni mwa Januari 2011. Januari 26 mwaka huo huo Kato aliuawa nyumbani kwake. Februari 2014, siku moja baada ya Rais kutia saini sheria ya kwanza, gazeti la Red Pepper likachapisha orodha ya watu 200.

Mahali kama Lobule gazeti halihitajiki hata kidogo. Picha ya mlango wa nyumba, mti uliopo nyuma, kitambaa cha kanga ambacho wote wanakijua ni cha nani, inatosha. Mtandao unaochangisha kwa kuonyesha wale unaowahudumia unauza kitu kile kile ulichoahidi kukilinda. Najua hoja ya upande wa pili: mwenye njaa ana haki ya kusimulia njaa yake. Ana haki hiyo kweli, ila idhini inayotolewa na mtu ambaye hajala siku 2, mbele ya mtu mwenye chakula, siihesabu kuwa idhini.

Tuliona mwisho wa njia hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, walikokimbilia Waganda wengi baada ya mwaka 2014. Wakazi wa sehemu ya kambi iitwayo Block 13 walijulikana duniani kwa picha na video walizorusha wenyewe wakiomba msaada, na msaada ulikuja kwa vipande, kwa huyu na si kwa yule, huku majirani wakizidi kuwajua. Machi 15, 2021 walishambuliwa kwa moto. Chriton Atuhwera alifariki hospitalini Nairobi mwezi uliofuata. Simlaumu mtu wa Block 13 hata mmoja. Natulaumu sisi tuliokuwa tunasubiri picha ndipo tutoe.

Iko njia nyingine, na ni ya zamani. Machi 1974, katika chumba kilicho juu ya duka la vitabu la Housmans, King's Cross, London, watu wa kujitolea walifungua laini ya simu kwa wapenzi wa jinsia moja. Inaendelea hadi leo kwa jina la Switchboard, ikiwa imepita kipindi cha UKIMWI ambapo simu zilifurika. Kilichoilisha kwa miaka mingi ni sarafu za watu wenyewe waliojua kwamba siku moja wao ndio wangepiga. Ndoo ilizungushwa kwenye baa na kumbi za dansi. Hakuna aliyetakiwa kuonyesha kovu.

Afrika Mashariki haina haja ya kuigiza ndoo ya London. Tuna mchango wa harusi na wa msiba, tuna upatu, na Wakongo wa Lobule wana likelemba yao, ile duru ya akiba ambamo kila mwezi zamu inamfikia mmoja. Katika makazi ya wakimbizi ya West Nile, ukanda uliko Koboko, vikundi vya kuweka na kukopa ni jambo la kila wiki, vyenye sanduku, daftari na mashahidi. Ujuzi wa kuchangishana fedha bila benki upo tayari mikononi mwa watu ambao wataalamu huja kuwafundisha.

Fedha zenyewe ndizo hazipo. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondolea msaada wakimbizi milioni 1 nchini Uganda kwa kukosa bajeti, na mtu aliyepunguziwa mgao wa mahindi hawezi kuombwa mchango wa bando. Kwa hiyo ninaposema fedha za wenyewe, namaanisha wale wenye kipato ambao mtandao uliwahi kuwashika mkono: karani wa Kampala, muuguzi wa Arua, dereva wa Nairobi, mtu aliyepata hifadhi Toronto na sasa ana mshahara. Watu 40 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, ni shilingi 200,000. Hazilipi wakili, wala hazijengi programu ya simu. Zinaweka watu kadhaa hewani mwezi mzima, na zinabaki na nauli ya boda ya mtu wa dharura.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Kitu ambacho kikikosa fedha leo kitazimika kesho, yaani bando, chaji, nauli na usiku mmoja wa hifadhi, kisitegemee ruzuku hata siku moja. Kilipiwe na watu wa ndani, kiasi kidogo, mfululizo. Wafadhili waombwe vile vinavyoweza kusubiri: mafunzo ya usalama wa kidijitali, ada ya seva ya mwaka, wakili, utafiti, tafsiri ya maelezo ya afya kwa Kilugbara na Kikakwa. Mitandao mingi imepanga kinyume. Ruzuku hulipa bando, na michango midogo hukusanywa mara moja kwa mwaka kwa ajili ya sherehe. Ruzuku ikikatika, simu zinanyamaza wiki ile ile, na aliyeandika akiwa amejificha chooni hapati jibu.

Lipo sharti moja ambalo bila hilo yote haya hayafai: hesabu. Usiri unaomlinda mwanachama humlinda na mwizi. Kikundi kisichoweza kutangaza majina huanza kuona kuwa hakiwezi kutangaza chochote, na mtu mmoja mwenye laini ya michango anakuwa benki, mkaguzi na hakimu. Kinachotakiwa ni kile kinachofanyika kwenye sanduku la kijiji kila wiki. Kiasi kilichoingia na kilichotoka kisomwe mbele ya wote wanaojitolea, kila mwezi, bila majina ya waliotoa wala ya waliosaidiwa. Funguo ziwe kwa watu 2 au 3. Na anayeshika fedha asiwe ndiye anayeamua nani asaidiwe. Hili halihitaji cheti cha serikali wala fomu ya mfadhili. Mtu akikataa kusoma hesabu kwa sababu za usalama, msimamisheni kwanza, mjadili sababu zake baadaye.

Kwa msomaji aliye Uganda, kifungu cha 11 bado kipo wakati walioipinga sheria wakiwa wamekata rufaa Mahakama ya Juu. Kabla hujaanzisha kapu lolote, zungumza na mwanasheria. Human Rights Awareness and Promotion Forum ya Kampala imekuwa ikitoa msaada wa kisheria kwa watu hawa kwa miaka mingi. Na wewe uliye mbali, London, Minneapolis au Toronto, mwenye mshahara na moyo wa kutoa, toa kiasi ambacho hutakihisi, lakini kila mwezi, kwa mwaka mzima, na useme wazi kwamba kinaweza kutumika kwa bando na nauli. Omba hesabu kila baada ya miezi 3. Usiombe picha.